Ndugu Yangu na Mawe ya Otonglo

Kabla ya mtu yeyote kumpiga ndugu yangu, alijipiga mwenyewe. Alikuwa ameanza tu kutembea. Jirani yetu kule mtaani Obunga alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kila asubuhi mashine yake ilipoanza kukwaruza, ndugu yangu aliteremka kitandani, akaenda hadi kwenye ukuta wa mabati na kuanza kuugonga kwa paji la uso. Hakulia. Aligonga taratibu, kama mtu anayepigilia msumari, mpaka mama akaja mbio na mikono yake ya mafuta, akaweka kiganja kati ya kichwa na bati. Basi akagonga kiganja. Miaka hiyo yote mama alikuwa na vidole vilivyovimba, na watu walidhani ni kazi ya jikoni.

Kazi yake ilikuwa kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo. Aliikaanga mbele ya nyumba kwenye karai kubwa, na mimi, mtoto wake wa kwanza, niliwafungia wateja kwenye magazeti. Ndugu yangu alipenda vichwa vya samaki. Alivipanga juu ya ubao, vyote vikitazama upande mmoja, na mteja akichukua kimoja cha katikati, ndugu yangu alianguka chini na kurusha mateke mpaka ubao ukapinduka. Siku moja nilijaribu kumshika asijiumize kwenye jiko. Aliniuma kwenye kigasha na hakuachia. Ilibidi mama ambane pua mpaka akakosa pumzi, ndipo meno yakafunguka.

Baba alikuwa mpakiaji wa malori. Alikuwa na mkono mzito na imani moja tu kuhusu mtoto wake.

"Huyu anajua kuongea," alikuwa akisema. "Ni kiburi. Na kiburi inatoka kwa ngozi."

Alikuwa na kipande cha mpira wa maji kilichoning'inia nyuma ya mlango. Alimsimamisha ndugu yangu katikati ya chumba na kumwambia, "Sema baba." Kwa muda mrefu hakusema kitu, akapigwa kwa kutosema. Halafu, alipokuwa na umri wa kwenda shule, maneno yalikuja, lakini yalikuja kwa njia yake. Alirudisha alichopewa.

"Sema baba," baba akamwambia.

"Sema baba," ndugu yangu akamjibu, kwa sauti ileile nzito, hadi kile kikohozi kidogo cha mwisho.

Baba aliona anaigizwa. Siku hiyo alimpiga mpaka mpira ukamponyoka mkononi, akauokota, akaendelea. Mama aliingia akiwa na upawa uliojaa mafuta kutoka kwenye karai. Hakupaza sauti.

"Mpige tena," alisema.

Baba alimtazama, akacheka kidogo, akampiga tena. Mama akamwaga. Mafuta yalimpata baba kwenye mguu, kuanzia gotini hadi kwenye kidole gumba, na ngozi ikatoka pamoja na soksi. Alianguka juu ya kitanda akinguruma. Ndugu yangu alikuwa amejikunja pembeni, ameziba masikio, naye akaanza kunguruma vilevile.

Mguu ulipopona baba aliondoka, akaenda visiwani, na tukasikia ana nyumba nyingine huko. Aliyekuja badala yake ni kaka yake mkubwa, baba yetu mkubwa, kutengeneza mambo. Alikaa kwenye kiti cha baba na kumwambia mama kwamba hii yote ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko, na kwamba mke anayemchoma mumewe kwa mafuta hahitaji kuuliza laana imeanzia wapi. Alikuwa mtu wa kanisa pia, kwa hiyo alikuwa na dawa ya upande huo. Kulikuwa na nyumba ya maombi ufuoni mwa ziwa, upande wa Asembo, ambako watoto kama hawa walifunguliwa kutoka kwa pepo.

Mama alikubali. Sitamlaumu kwa hilo. Alikuwa hajalala usingizi wa maana tangu mtoto azaliwe, na mtu mzima mwenye Biblia mkononi alikuwa amemwambia kwamba kuna mahali pa kumpumzisha. Baba mkubwa akampeleka, na watu wa maombi walisema tusiende kumwona mpaka tuitwe, eti pepo humshika mtoto zaidi akiona mama.

Tulingoja mpaka mama akashindwa kungoja. Nilikuwa na miaka kumi na sita wakati huo. Tulishuka barabarani, tukatembea kuelekea ziwani kati ya mashamba ya mtama, tukalikuta kanisa la mabati likiwa tupu. Nyuma yake kulikuwa na banda la zamani la kuwekea nyavu. Harufu ilitufikia kabla hatujafika mlangoni.

Ndani kulikuwa na watu wamefungwa kwenye nguzo. Mama mmoja mzee aliyekuwa akijisemesha. Mwanamume mwenye povu lililokauka kidevuni. Na ndugu yangu. Mnyororo ulimshika kifundo cha mguu kwa kufuli, na chini ya mnyororo nyama ilikuwa wazi, inzi wametulia juu yake. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kufungishwa saumu bila maji. Mgongo wake sikuutambua. Alikuwa amepanga kokoto mbele yake, mstari mmoja mrefu, hadi pale mnyororo ulipomruhusu.

Mwangalizi alikuja akiwa amevaa kanzu nyeupe, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Mama, pepo wa huyu ni mkaidi," alisema. "Tunamuuliza jina lako nani, na yeye anatuuliza jina lako nani. Tunamchapa, tunamuuliza tena, anatuuliza tena. Mimi sijaona kama huyu."

"Fungua," mama akasema.

"Ufunguo iko na mchungaji. Na mchungaji ameenda safari."

Mama alitoka nje. Mwangalizi alidhani ameenda kulia. Alirudi na jiwe la nanga, lile lenye tundu la kupitishia kamba, akapiga magoti na kuanza kuligonga kufuli la mguuni, akiliegemeza kwenye nguzo. Mwangalizi alimshika nywele na kumvuta nyuma. Niliona shingo ya mama ikigeuka. Ukutani kulikuwa na kasia. Nikalichukua nikampiga nalo mtu yule kati ya bega na shingo, kwa nguvu zangu zote, naye akaenda chini kwa magoti. Alipoinuka alinipiga ngumi mdomoni. Nilimeza damu, na jino, nadhani, kwa sababu sikuliona tena. Nikampiga kwa kasia mara nyingine, safari hii usoni, na nilisikia kitu kikivunjika, sijui kama ni pua yake au ni mti wa kasia.

Mama hakugeuka hata kidogo. Alikuwa akigonga kufuli. Ndugu yangu alijipiga kichwani kwa ngumi zote mbili kila jiwe lilipotua, na yule mama mzee alikuwa akipiga makofi. Kufuli lilipoachia tulimbeba. Wale wengine tuliwaacha pale, na yule mama mzee alitunyoshea mkono. Tulipiga ripoti polisi tulipofika mjini. Sijui walichofanya.

Kidonda cha mguu ndicho kilichotupeleka hospitali, na huko ndiko tulikolipata neno, bila kulitafuta. Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri wa kama mama. Alisafisha kidonda huku mimi na wauguzi wawili tumemlalia ndugu yangu, aliyekuwa akimtemea daktari mate. Alipomaliza hakuondoka. Alivuta kiti akakaa mbali kidogo, akamtazama ndugu yangu akipanga vipande vya pamba kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akaanza kumuuliza mama maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kutuuliza. Anaziba masikio? Anatazama uso wa mtu? Alianza kusema lini, na alisema nini? Akibadilishiwa sahani anafanya nini?

Mwisho akasema, "Usonji."

Mama hakuwa amewahi kulisikia, akauliza jina lake kwa lugha yetu ya nyumbani. "Kwa Dholuo mnaita nini?"

"Hatuna jina yake hasa. Watu wanasema tu janeko."

"Mtoto wangu si mwendawazimu."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimekuambia usonji."

Mama aliuliza dawa ni gani. Daktari akasema hakuna dawa ya kuuondoa, amezaliwa nao na atazeeka nao, kwamba ni jinsi ubongo wake ulivyojengwa na si kitu kilichomwingia. Mama akapiga meza kwa kiganja mpaka chupa zikaruka. Alisema amepoteza mume, amemwacha mtoto wake afungwe kama mbwa, halafu anaambiwa hakuna dawa. Mama alipotulia, akauliza kwa sauti ndogo, "Na kugonga ukuta?"

"Kulikuwa na kelele wapi?"

Mama akamweleza habari za fundi wa vyuma. Daktari akasema kuna watoto ambao mlio kama huo unawaingia kama sindano, na maumivu ya kichwa wanachokigonga wenyewe angalau wanayajua yatakuja lini. Mama akavitazama vidole vyake. Nadhani alikuwa akihesabu asubuhi zile zote.

Tulihama Obunga. Tulipata chumba Otonglo, nyuma ya soko, mbali na vyuma, na mimi nikajifunza ushonaji. Daktari alikuwa ametupa njia za kuishi: kumwonyesha picha ya kitu kabla hakijatokea, kutomshika ghafla, kumvalisha vile vikinga masikio vya wajenzi siku za kelele. Hatukuwa watakatifu. Aliendelea kuniuma, na mimi mara nyingine nilimsukuma. Lakini wiki zilipita bila damu, halafu mwezi, na akakua, akawa mrefu kuliko baba.

Kitu alichokipenda Otonglo kilikuwa pikipiki. Ajabu ni kwamba mlio ule haukumuumiza, mradi uwe wa chini na usiobadilika. Alikwenda kwenye steji ya boda boda iliyo mkabala na cherehani yangu, akainama, akalaza shavu kwenye tangi la pikipiki inayonguruma, akafumba macho. Waendeshaji wa steji ile walimzoea. Walimtania kwamba ndiye fundi wao, anasikia ugonjwa kwa shavu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa siku ya soko, shule zikiwa karibu kufunguliwa. Nilikuwa na rundo la sare za kushona, na nilimwona akivuka kwenda steji kama kawaida. Ambacho sikukiona ni kwamba waendeshaji wetu wote walikuwa wamebeba abiria, na pikipiki pekee iliyokuwa pale ilikuwa ya mgeni. Mwenyewe alikuwa ameiacha inanguruma akaenda dukani. Mwezi huo pikipiki zilikuwa zimeibwa mara kadhaa kwenye barabara ya Busia, na mwendeshaji mmoja alikuwa ameokotwa katika shamba la mahindi, amekufa. Hasira ilikuwepo kabla yetu.

Ndugu yangu alilaza shavu. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akapanda. Mkono ukazungusha mafuta, mguu ukakanyaga gia, na pikipiki ikaruka mbele, ikavunja meza ya mama muuza nyanya na kumwangukia mguuni. Nilisikia kishindo nikainua kichwa. Wakati nikitafuta viatu, nilisikia lile neno.

"Mwizi."

Walitoka kila upande. Sijui jinsi watu hupatikana haraka hivyo. Mwenye pikipiki alimpiga kwanza, kwa helmeti, na wengine wakamvuta chini kwa fulana. Vikinga masikio vilivunjwa chini ya kiatu cha mtu. Nilikuwa nikikimbia, na nilisikia kila kitu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Wewe ni wa wapi," ndugu yangu akasema.

"Nani amekutuma?"

"Nani amekutuma."

"Huyu anatucheza."

Walimpiga kwa hilo. Wakauliza tena, akawarudishia tena, kwa sauti zao wenyewe, na kila aliyeisikia sauti yake ikitoka mdomoni mwa mtu yule alizidi kupandwa na hasira. Watu nyuma walikuwa wakipiga kelele mwizi, mwizi, naye, kwa sababu lilikuwa neno la mwisho lililomfikia, akasema, "Mwizi."

"Amekubali," mtu akasema. "Mmesikia. Amekubali mwenyewe."

Jiwe la kwanza lilitupwa hapo. Sikuweza kupita kati ya watu, kwa hiyo nilipita chini, kwa mikono na magoti, kati ya mabuti na gamubuti, mpaka nikamfikia nikamlalia. Nilisema ni ndugu yangu. Nilisema ni mgonjwa, neno ambalo mama alikuwa amenikataza.

"Mgonjwa na anajua kuwasha pikipiki?"

"Ana usonji," nikasema.

"Ana nini?"

"Usonji."

"Hiyo ni nini sasa," mtu akasema, na baadhi wakacheka, na jiwe likanipata kati ya shingo na bega. Mtulinga wangu ulivunjika kwa mlio ambao niliusikia ndani ya sikio. Chini yangu ndugu yangu alikuwa akipigana nami. Hapendi kulaliwa. Alinipiga kidevuni kwa kichwa, akanikwaruza shingo, akaniuma kwenye bega la upande uleule uliovunjika, na watu waliokuwa juu walikuwa wakinipiga kwa fimbo, na sikujua tena ni maumivu gani yanatoka upande gani. Alipogeuza uso kutafuta hewa, jiwe lilimpata jichoni. Hapo aliacha kupigana.

Tairi ililetwa. Niliona ikivingirishwa, mwanaume akiielekeza kwa mguu kama mtoto anayecheza. Kisha nikahisi baridi miguuni, na harufu ikapanda. Kijana mmoja alikuwa na mtungi wa plastiki wa petroli.

Aliyeuchukua mtungi ule alikuwa yule mama muuza nyanya. Alikuwa akichechemea, gauni limejaa maji mekundu ya nyanya zake. Aliuvuta mtungi kutoka mkononi mwa yule kijana, akaenda nao kwenye mtaro, akaugeuza. Kijana alimfuata akampiga kofi. Alianguka, akaukalia mtungi, na petroli ikaendelea kumwagika chini yake kuingia mtaroni. Akampiga tena. Hakuinuka.

Muda huo mfupi ndio uliotuokoa, kwa sababu waendeshaji wa steji yetu walikuwa wakirudi. Mmoja wao aliingiza pikipiki katikati ya umati bila kupunguza mwendo. Wakapigana wao kwa wao, helmeti kwa helmeti, na mtu alipoteza meno barabarani. Katika fujo hiyo walitunyanyua, wakatutupa kwenye tuktuk.

Ndugu yangu alipoteza jicho la kushoto. Hospitalini aling'oa bandeji mara nyingi kiasi kwamba walitaka kumfunga mikono kitandani, na mama alisimama mlangoni akawaambia kwamba atakayemfunga mtoto wake ataanza na yeye. Basi tulimshika kwa zamu. Alikuwa na maneno machache yake mwenyewe kabla ya hapo, chai, samaki, twende. Yaliondoka. Hata kurudisha ya watu aliacha.

Mama muuza nyanya alikuja kutuona akiwa na gongo. Mama alimshika mikono na kumshukuru kwa kumtambua mtoto.

"Sikumtambua," alisema. "Mimi niliona ni mwizi. Hata nilitaka apigwe kidogo, nyanya zangu ziliisha. Lakini mtu kuchomwa, hapana. Niliona mmoja zamani. Sikutaka kuona tena."

Video ilikuwa imeshasambaa. Mtu alikuwa amesimama juu ya kiti kupiga picha, na chini aliandika kwamba mwizi sugu wa pikipiki amepata alichostahili Otonglo. Mama alitaka kuiona. Nilimkatalia, akanipokonya simu. Aliitazama hadi mwisho, akaitazama tena, akisimamisha kwenye nyuso. Polisi walituambia tulete mashahidi, na kwenye soko zima hakuna aliyeona kitu.

Baada ya muda naibu wa chifu aliitisha baraza, waendeshaji wa boda boda upande mmoja na wachuuzi upande wa pili. Mama alisimama akaeleza kwa Dholuo jinsi mtoto wake alivyo. Hakutumia maneno ya daktari. Alisema kuna mtu anasikia kila kitu kwa pamoja na hawezi kuchagua cha kusikia, kuna mtu ukimuuliza swali anakurudishia swali kwa sababu ndilo alilonalo, na kwamba kutotazama uso wa mtu si dalili ya hatia. Walimsikiliza. Kisha mwendeshaji mmoja akainuka, akavua kofia kwa heshima.

"Mama, pole sana. Lakini sisi tutajuaje? Kama nimeshika mtu kwa pikipiki yangu, nitajuaje huyu ni mwizi na huyu ni usonji?"

Watu walinung'unika kukubaliana naye. Naibu wa chifu akapendekeza kitambulisho cha kuvaa shingoni, chenye maandishi. Mama akasema mtoto wake hakubali kitu shingoni, atakivua. Wakazungumza habari ya fulana yenye rangi maalum. Nilikaa pale na mkono wangu ukining'inia kwenye kitambaa cha shingoni, nikiwa na hasira ambayo sikujua niitoe vipi.

Nilijua pa kuitoa baadaye. Mwanamume alikuja kwenye cherehani yangu na suruali ya kufupisha. Alisimama akiishika tu.

"Dada," alisema, "ile siku mimi nilikuwa pale."

"Ulifanya nini?"

"Nilirusha."

"Ulirusha nini?"

"Jiwe. Sijui kama lilimpata. Nimesikia kwa redio wanaelezea hiyo kitu, na nikajua ndiyo ile. Nimekuja kukuambia."

Nilikuwa na rula yangu ya mbao mkononi, ile nzito ya mafundi. Nilimpiga nayo usoni. Ngozi ilipasuka juu ya nyusi. Hakujikinga, na hilo liliniudhi zaidi, nikampiga tena, ndipo mama akatoka ndani na kunishika kiuno. Yule mtu aliokota suruali yake akaondoka huku akijifuta damu kwa mguu wa suruali. Sijamwona tena. Wakati mwingine nafikiri ningempa maji, na wakati mwingine nafikiri mara mbili hazikutosha.

Siku hizi neno usonji linajulikana. Wapo walimu wanaolitaja, na nimelisikia kanisani likiombewa kwa namna isiyohusisha minyororo. Kulikuwa na maandamano mjini, kina mama wamevaa fulana za aina moja, wamewashika watoto ambao nilikuwa sijui wapo, watoto waliofichwa kwenye nyumba ninazozipita kila wiki. Mama alikwenda. Alisema waheshimiwa walihutubia kwa vipaza sauti vikubwa kama nyumba, na mbele yao watoto wamelala kwenye nyasi wameziba masikio, wengine wakijipiga. Mwanamke mmoja alipanda jukwaani akachomoa waya. Mama alicheka alipokuwa akinisimulia, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Mwaka huu nilikuwa Kondele na mama, tumeenda kununua nyuzi na bitana. Tulikuwa tukitoka dukani tuliposikia lile neno lingine, mwizi, kisha miguu ikikimbia. Sikusimama kufikiri. Nilimwachia mama mfuko, na nilipogeuka mama alikuwa ameuweka chini naye anakuja.

Alikuwa kijana mwembamba, amelala ubavu karibu na kibanda cha simu, damu inamtoka sikioni. Wanaume walikuwa wamemzunguka wakimpiga mateke ya tumbo. Niliingia kwa lile bega langu bovu, nikapigwa kiwiko, gauni langu likashikwa na kupasuka mkono. Mama alijitupa kwenye miguu ya mtu mmoja na kuikumbatia kama mti. Mwingine alikuwa ameinua jiwe la ujenzi kwa mikono miwili. Nilimshika kifundo cha mkono.

"Huyu ni wako?" aliniuliza.

"Hapana."

Alinitazama, akatazama yule kijana aliye chini, ambaye hakuwa akimwangalia mtu yeyote. Niliona akikumbuka kitu.

"Ama ana ile usonji?"

"Sijui," nilimwambia. "Weka jiwe chini."

"Ameiba simu."

"Inawezekana. Weka chini."

Hakuliweka mara moja. Mkono wake ulikuwa na nguvu, na mimi nilikuwa nimebaki na mkono mmoja wenye nguvu. Alilishika pale juu mpaka mikono ikaanza kumtetemeka, kisha akaliachia pembeni, karibu na mguu wangu. Mtu wa nyuma yake alinisukuma nikaanguka juu ya yule kijana, na tukapigwa wote wawili kidogo, bila moyo, mpaka askari wa kaunti wakafika na kumchukua kijana. Simu ilikuwa kwenye soksi yake. Alikuwa mwizi kweli.

Tulifika nyumbani jua bado kali. Ndugu yangu alikuwa kwenye kibaraza changu, akipanga vifungo. Alinusa damu, akanisukuma kifuani kwa nguvu, nikapiga mgongo ukutani. Kisha akauona mkono wa gauni uliopasuka, na uzi mmoja ukining'inia. Aliushika kwa vidole viwili, akauvuta taratibu, jicho lake likiwa karibu kabisa na kitambaa. Uzi ulitoka, ukatoka, mkono wote ukaachia ukaanguka chini, naye akaukunja vizuri, akauweka kwenye mstari, mwisho wa vifungo.